Viti Vilirudi Vyote

Mujukuu wangu Dieudonné,

Siye tuko wazima hapa Bunia. Dada yako mudogo ameota meno mawili, na mafua ya baba yako imeisha. Unaniuliza kwa nini mimi, mwenye kukodisha viti miaka hii yote, siingii kamwe kwenye konseri za kwaya. Nitakuambia, ingawa uso unaniwaka kwa haya.

Nilikuwa kijana, na viti sitini vya plastiki vilikuwa mali yangu yote. Hakuna aliyenisaidia kuvinunua, hata kaka zangu. Kwaya moja ikavikodi kwa konseri kwenye uwanja wa majani, huko Marabo. Mawingu yakaja, na shofere wa kamyo, lori lililobeba viti vyangu, akaanza kupiga kelele: “Mama viti, mvula inakuya! Nikuache?”

Nikaogopa kubaki kule na mali yangu. Basi watu waliposimama kucheza, nikaanza kukusanya viti vya mustari wa mbele.

Wimbo ukaisha. Mama muzee mmoja akataka kukaa, kiti hakipo, akaanguka chini.

Nikamkimbilia na kiti. Akakisukuma. “Peleka kiti yako, binti. Majani ya Mungu haina mwenyewe. Siye tutaimba hapa.”

Watu wakacheka, kisha wote wakakaa chini pamoja naye, mustari kwa mustari, na kwaya ikaendelea. Mvua haikunyesha. Nilibaki nimesimama katikati ya viti vitupu, nikivihesabu tena na tena. Sitini kamili. Sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

Koko wako anayekukumbuka