Mstari Nilioucheka

Chumba namba 6, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya karakana ya viti.
Jumanne, 14 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Baba ameniambia sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi sana. Sisi huku wazima. Mama amepona kikohozi, na Baba bado anabishana na redio kana kwamba itamjibu.

Shangazi, barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Nataka usikie kwangu kabla hujasikia kwa Mzee Miwani, kwa kuwa mlifanya kazi ofisi moja na ni wewe uliyembembeleza anipokee hapa. Nimekuaibisha.

Unajua tunatunza lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ndani yake mna maktaba, yaani fungu la msimbo, maagizo tunayoiandikia kompyuta, linalosoma data na kuiandika ili programu mbili zielewane. Mzee aliiandika peke yake miaka kumi na tano iliyopita. Ni nzito, imejaa viraka. Mimi nikapendekeza tuitupe, niiandike upya.

Siku ya mjadala tulikuwa kumi na wawili. Mzee akasema taratibu, "Kasi mtaipata, sikatai. Lakini kila kiraka pale kuna mtu kilimwokoa." Badala ya kumjibu kwa hoja, nikaonyesha ukutani mstari wake mmoja, pembeni ameandika "usiguse", nikauliza, "Jamani, huu ni msimbo au uganga?" Watu wakaangua kicheko. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kura nikashinda mimi. Kuanzia kesho yake akawa anafanyia kazi nyumbani.

Wiki tatu baadaye niliijaribu kazi yangu kwa nakala ya kumbukumbu za zahanati moja. Karani wao akanipigia simu: "Kaka, mbona hapa nina bibi wa miaka themanini na mbili, mjamzito?" Namba za kadi zilizoanza na sifuri zilikuwa zimepoteza sifuri zake, wagonjwa wawili wakawa mmoja. Bahati lilikuwa jaribio tu. Nikafungua maktaba ya zamani nione Mzee alifanyaje. Dawa yake ilikuwa mstari ule ule.

Hapa ndipo mkono unakuwa mzito. Niliunakili, nikafuta neno lake la "usiguse", nikaubandika kwangu kimyakimya. Kikaoni wakanipigia makofi, nami nikayapokea.

Alasiri hiyo ukaingia ujumbe wa Mzee. Kumbe bado anasoma kila tunachobadilisha. "Mstari huo haufanyi kazi peke yake. Chukua na wa chini yake." Basi. Hakunitukana, wala hakumtumia mwingine yeyote. Afadhali angenichapa.

Jumamosi nikaenda kwake. Nilipoanza kuomba radhi mlangoni akanikatiza: "Ulinicheka mbele ya watu. Humu ndani hatuna la kuzungumza."

Kwa hiyo Jumatatu ya wiki iliyopita nilisimama mbele ya wote nikasema kila kitu, pamoja na ule wizi. Hakuna aliyecheka. Tukapiga kura tena: maktaba ya zamani ibaki, irekebishwe kidogo kidogo, Mzee akiongoza.

Kesho yake akarudi mezani kwake. Ananisalimu vizuri, ananielekeza bila kinyongo. Ila zamani aliniita "mwanangu." Sasa ananiita "ndugu mhandisi," kwa heshima zote, na kila akiniita hivyo natamani ardhi ipasuke.

Tafadhali usimpigie simu kuniombea. Jina lile nililipoteza mwenyewe, acha nilitafute mwenyewe.

Nisalimie binamu zangu wote, hasa fundi cherehani wetu, na uwabusu mapacha. Mungu akulinde, akuzidishie nguvu za miguu.

Ni mimi nikupendaye, ingawa leo kwa kuinamisha uso,
Mtoto wa kaka yako,
Chiriku