Uzi wa Kwanza Haukuguswa

Jumatatu, 4 Machi

Ametoa albamu! Uzee wote ule, ametoa albamu. Nilikuwa nampaka mteja dawa ya nywele, redio ya saluni ikatangaza: Mkongwe wa gitaa la bluzi amerudi baada ya kimya kirefu, wasikilizaji wapige simu watoe maoni. Mkongwe! Mimi namjua tangu ana suruali moja, na mfuaji wa hiyo suruali nilikuwa mimi.

Wa kwanza kapiga simu, kasema amelia. Wa pili kasema vidole vya mzee vimerudi ujanani. Mama mmoja eti anataka wimbo wa tatu upigwe kwenye mazishi yake. Nikasema kimoyomoyo, harakisha basi.

Mteja akapiga kelele dawa inamchoma. Nilisahau kumwosha.

Jumanne, 5 Machi

Leo wamerudia mahojiano yake ya zamani. "Sikuwahi kuoa. Gitaa ndiye mke wangu." Msusi mwenzangu akaguna kwa huruma — maskini, kaishi peke yake! Maskini wa nini? Mke mwenza wa hilo gitaa yuko hapa hapa, anafagia nywele. Lakini sijamwambia. Saluni nzima hakuna anayejua.

Nilipiga gitaa la pili pembeni yake kwenye kila ukumbi uliotukubali. Nikamzalia binti. Asubuhi aliyoondoka, magitaa mawili yalikuwa yameegemea ukuta: zima, na lile ambalo kigingi cha kukazia uzi wa kwanza kilikuwa kimevunjika. Akayatazama yote mawili. Akachagua zima. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto kiunoni, nikamwona anachagua.

Albamu yake sisikilizi ng'o. Ila maoni nitatoa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetuma ujumbe redioni. Nimejiita Msikilizaji wa Kudumu. Nimesema albamu inanuka kabati la zamani. Umesomwa hewani! Msusi kacheka mpaka kaangusha chanuo. Nikatuma wa pili, safari hii mimi ni Mpenda Bluzi wa Kweli: mzee apumzike, awaachie wenye vidole. Nao umesomwa!

Raha ikaisha mchana. Dereva mmoja wa lori kapiga simu akiwa njiani, kasema huyo Mpenda Bluzi wa Kweli ana donge rohoni, pengine aliachwa na mtu. Watu studioni wakacheka. Mtu mwenyewe yuko na lori lake huko, ananijulia wapi?

Ijumaa, 8 Machi

Binti kapita kula. Kachoka. Kazi za ziada kila wikendi tangu mwaka jana, huko kwa fundi simu. Redio ilianza tena habari za Mkongwe, akanyanyuka akaizima. Nilifurahi mno. Huyu ni damu yangu, ana kinyongo kama changu. Nikamwongezea nyama.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeisikia. Sikutaka — mikono kwenye povu, kichwa cha mteja kwenye beseni, redio iko mbali. Wimbo wa tatu wote, mwanzo mpaka mwisho.

Nilijiweka tayari kuchukia. Halafu mikono ikasimama.

Uzi wa kwanza haukuguswa. Hata mara moja! Pale ambapo mpigaji yeyote angeshukia kwenye uzi ule mwembamba, huyu anapanda juu kabisa kwa uzi wa pili, anauvuta mpaka unalia. Mkongwe hakuwahi kupiga hivyo. Anayepiga hivyo ni mtu aliyejifunzia gitaa lisilo na uzi wa kwanza. Gitaa hilo liko chini ya kitanda changu. Na aliyejifunzia nilimshika vidole mimi mwenyewe, kimoja kimoja, akiwa hajaota meno ya utu uzima.

Wasikilizaji sasa! Bwana mmoja kasema huo ndio ukomavu, mzee amejifunza kuacha. Mwingine kasema ni busara ya uzeeni. Nilicheka mpaka povu likamwingia mteja machoni. Busara! Ni ufukara, jamani. Ni ule ufukara alioniachia, leo nchi nzima inausifu, na sifa anakula yeye.

Jumanne, 12 Machi

Sikulala vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako. Wikendi zote zile! Na mimi namwekea chakula, namwambia pole na kazi.

Lakini mtoto akinyea kiganja hukikati. Wa kukomeshwa ni yule. Nimewaza hivi: angekuwa anaweza kupiga, angemtafuta mtoto wa nini? Hawezi. Basi na apige! Apige mbele ya watu, hewani, bila kaseti wala ujanja.

Nimetuma ujumbe: tunamtaka Mkongwe studioni Jumamosi, na gitaa lake, wimbo wa tatu, moja kwa moja. Nimemwambia msusi naye atume. Kila aliyekaa kwenye draya leo ametuma. Mmoja akasema hapendi hata bluzi. Nikamwambia nywele zako ziko mikononi mwangu, dada. Akatuma.

Alhamisi, 14 Machi

Amekubali!! Jumamosi saa nne. Mtangazaji kasema hawajawahi kupata maombi mengi namna hii. Siku za mwizi arobaini. Nimekula vizuri, nimeosha mpaka sufuria za jana.

Ijumaa, 15 Machi

Binti kaja jioni, hakuvua hata viatu. Akakaa. Akasema, "Mama, nina neno, usinikatize."

Sikumkatiza. Nilimwachia aseme kama vile sijui.

Kasema baba yake alimpigia simu mwaka jana. Ugonjwa wa viungo. Vidole vimekunjamana, hawezi kufunga kifungo cha shati. Sauti bado anayo. Yeye akaimba, binti akapiga. Nikauliza, nikijifanya mtulivu: na jina lako liko wapi kwenye albamu? Nilikuwa nalisubiri jibu hilo, niligeuze kisu.

Akasema, "Alitaka kuliweka. La kwanza, juu ya lake. Mimi ndiye nilikataa."

Kwa nini?

"Ungeliona, ungenifungulia mlango tena?"

Nikasema bila shaka ningefungua. Akanitazama tu. Hakubisha. Afadhali angebisha.

Akaanza kulia. Kesho watamwaibisha mzee, akasema. Binti amemwomba amwachie aseme ukweli, mzee amekataa, amemwahidi binti siri na siri itabaki. Atalishika gitaa apige anavyoweza, wamcheke yeye. Binti atakaa naye humo studioni, basi, ili asiwe peke yake. "Na yote haya ni kwa sababu ya kichaa mmoja huko redioni, Mama, anayewachochea watu. Sijui mzee alimkosea nini."

Nikamwongezea chai.

Wema! Leo ndio ameujua wema? Siku ile ya magitaa mawili ulikuwa wapi? Nilitaka kuuliza hivyo, nikanyamaza, maana mtoto alikuwa analia kama alivyokuwa analia mdogo, mdomo wazi.

Alipoondoka nilivuta gitaa chini ya kitanda. Nyuzi tano, vumbi. Nikalirudisha.

Jumamosi, 16 Machi

Nimefunga mlango wa saluni, wateja wako nje wanagonga. Nimepiga simu redioni, nimewaambia ni mimi wa saluni niliyeanzisha ombi. Naandika huku nimeishika simu. Wamenisubirisha, wananiimbia tangazo la sabuni.

Kwa nini nimepiga? Sijui. Hasira bado ninayo, sioni haya kuiandika. Swali nililitayarisha tangu Jumatatu: Mkongwe, mbona uzi wa kwanza huugusi, nani alikufundisha? Akidanganya, ameumbuka. Akisema kweli, ameumbuka vilevile. Swali zuri! Ila jana nimelijua jibu, na ndani ya jibu kuna mtoto wangu.

Kipindi kinaanza. Msikilizaji kasema mzee tunakuombea. Mwingine kasema tupigie mpaka tulie. Yeye anawashukuru. Sauti imezeeka. Namsikia anakaza nyuzi — taratibu mno, uzi mmoja muda wote huu. Anaukaza wa kwanza. Mjinga! Wimbo wenyewe hauhitaji uzi huo. Hata kumsikiliza hakumsikiliza binti yake anavyopiga?

Mtangazaji: kabla hajapiga, tunaye mama wa saluni, yeye ndiye aliyeanzisha ombi hili. Mama, karibu, uko hewani.

Nimesema "haloo." Basi.

Kukaza kumekatika. Mtangazaji anauliza, vipi mzee? Mama, endelea, tunakusikia. Kiti kinasogezwa. Halafu sauti nyingine, karibu kabisa na maikrofoni, ninayoijua kuliko zote:

"Mama? Ni wewe?"

Nchi nzima inasubiri. Kalamu mkono huu, simu mkono huu. Sijakata.