Betri Mbili za Pikapu ya Baba

Jumanne usiku. Umeme hakuna.

Sijawahi kumwambia mtu: mimi ndiye ninayeimaliza betri ya pikapu ya Baba. Tangu mgao uanze, akilala napitisha waya dirishani hadi kwenye pikapu, nawasha balbu ndogo nisome. Pikapu ina betri mbili, nikajidanganya kwamba nikiinyonya moja, nyingine itatosha kuwasha gari.

Leo asubuhi haikuwaka. Feri ya Kamanga ikamwacha Baba na mzigo wake. Tukabeba betri zote mbili kwa fundi.

“Mzee, hii nzima, hii imekufa,” fundi akasema. “Ni maksai wawili kwenye jembe moja, mmoja hajalishwa! Na usichanganye mpya na ya zamani. Nunua mbili, nichaji kila moja peke yake, ndipo tuzifunge.”

Baba alinitazama. Shuleni nathubutu kusema hata Kiingereza. Mbele yake hata Kiswahili kilinikaukia. Akanunua mbili.

Jioni nimeikuta ile nzima ya zamani chini ya meza yangu, imechajiwa, waya umefungwa vizuri kuliko nilivyofunga mimi.

“Hii haina gari tena,” Baba akasema. “Soma, mama. Ila dirisha ufunge, mbu watakumaliza.”

Kumbe alijua. Na mimi hata samahani sijasema, nimeiandika tu hapa.

Nasikia ndala zake koridoni. Nimelificha daftari chini ya mto. Nimelitoa tena. Naliacha mezani, wazi, asome mwenyewe.