Darasa la Pombe la Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mikono imetetemeka tena. Gauni la bibi harusi mezani, uzi haupiti tunduni! Nikapiga funda moja la pombe, ukapita. Kugeuka — baba watoto mlangoni. Kasema tu Alhamisi twende zahanati, tupimwe wote.

Alhamisi, 6 Machi

Tumeingia kwa daktari pamoja. Nikaeleza yangu: silali, kichefuchefu kila asubuhi, mikono. Akaniuliza umri. Akauliza kama nina mawazo. Kisha akamgeukia mume wangu — mchomeleaji wa mageti, macho mekundu mwaka mzima — akataka kujua anakunywa kiasi gani. Mtu ambaye hata soda anaogopa gesi! Nikangoja akane. Akanitazama, akajibu, "Cha kutosha, daktari."

Mimi nimepewa vidonge vya kuongeza damu. Yeye kapangiwa darasa la kuacha pombe, kila Alhamisi. Kaangushiwa jumba bovu naye kalipokea kwa mikono miwili. Njiani nikamuuliza kwa nini. Eti mwanamume akilewa kalewa, mwanamke akilewa mtaa mzima haulali. Nina hasira naye. Nina aibu zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Karudi na njaa. Mezani akaanza: eti kiu ikija unywe maji kwanza. Eti mnywaji wa siku nyingi asiache ghafla bila daktari kujua, ni hatari. Nikasema, mbona unanisomesha? Eti anadurusu tu.

Nikacheka. Halafu nikafungua kabati la vitambaa, nikanywa.

Jumatano, 19 Machi

Sindano imenichoma. Damu kwenye gauni jeupe! Bibi harusi kalibeba, kapeleka kwa fundi mwingine. Hakugombana hata kidogo, ndicho kilichoniuma.

Baba watoto anasema mshauri wa darasa lao anataka wake za wanafunzi nao waje kesho.

Alhamisi, 20 Machi

Naandikia chooni, zahanati. Wanafunzi wote wanaume. Hata walevi wa kwenye picha za ukutani ni wanaume. Wamenipa pole — pole shemeji, mvumilivu hula mbivu! Anayenuka kuliko wote kanipisha kiti.

Mshauri anawauliza wake: kuishi na mlevi kukoje? Zamu yangu ilipokaribia nikamnong'oneza mume wangu, niseme nini? Akasema, "Sema lolote. Mimi siondoki."

Nikaomba ruhusa. Chupa iko mkobani. Sijaifungua. Nataka kuifungua.

Mshauri anagonga mlango. "Mama, usimwonee haya mumeo! Njoo useme ukweli, tumsaidie."