Mume Niliyemuanika Kwenye Kamba

Mpendwa mshauri, Mama Félicité, naomba msaada wako, na kabla ya yote natangaza kwa huzuni kubwa, kwa wakaaji wote wa Baraka, wa Fizi, na wa vijiji vya Ubwari ambako gazeti lako hufika likiwa limekwisha kufungia samaki, kwamba suruali ya mume wangu, ya rangi ya udongo, yenye kiraka kwenye goti la kushoto, imetoweka kwenye kamba ya nguo mchana kweupe. Tulikuwa tumezoeana. Mume mwenyewe sina.

Nieleze vizuri. Mimi ni mshonaji, nimetoka Rumonge, ng'ambo ya ziwa, nilivuka na mashine yangu ya kushona nikiwa nimeikumbatia kama mgonjwa, nikakaa kwanza na binamu yangu Inamahoro, lakini Inamahoro akaolewa akahamia Uvira, nikabaki peke yangu katika nchi isiyo yangu, nikaanza kutafuta chumba kupitia komisionere mmoja, wale vijana wanaotafutia watu nyumba, anaitwa Dany, ana simu mbili na hakuna hata moja yenye salio, naye akaniangalia juu mpaka chini akasema:

— Dada, iko shida. Mwanamuke peke yake, benye nyumba banaogopa.

— Wanaogopa nini? Wa kuogopa si mimi?

— Banaogopa maneno ya batu. Weye sema tu uko na bwana, iko Lulimba, anachimba zahabu. Bamama mingi hapa, bwana yao iko Lulimba. Hakuna mwenye atakuuliza.

Mama Félicité, waliuliza wote. Waliuliza jina, nikasema Juvénal, sijui lilitoka wapi. Waliuliza kama ni mrefu, nikasema ni mrefu. Basi nikaenda soko la mitumba nikanunua suruali ya mtu mrefu na mabuti ya mpira, mabuti nikayaweka mlangoni, suruali nikawa naifua kila Jumamosi na kuianika mbele, ili anayepita ajue humu ndani kuna mwanaume, na kwa muda nililala vizuri sana, mpaka jirani yangu Mama Georgette, ambaye hutwanga sombe, majani ya muhogo, akiwa ameelekea kwangu ili asikose kitu, akaniita:

— Bibi ya Juvénal! Bwana yako iko na suruali moja tu?

— Zingine anazo huko Lulimba.

— Na hii unaifulaka kila siku ya posho, kila Jumamosi, nani anaichafulaka?

— Vumbi, mama.

— Ah. Vumbi yenye kuvala suruali.

Akacheka, nikacheka, nikafikiri yameisha. Kumbe alinionea huruma. Jumapili akasimama mbele ya kwaya ya kanisa letu akasema mgeni wetu kutoka Burundi ana mume anayeteseka machimboni, na wanakwaya wakachanga ndagala, dagaa wakavu wa ziwa, mfuko mzima, wakampa Bertin wa pikipiki ambaye hupeleka mizigo Lulimba, ampelekee Juvénal. Nilijaribu kukataa wakaniambia nina adabu sana. Bertin akaenda, akarudi, akasimamisha pikipiki mbele ya watu wote:

— Nilimufikia mwenyewe! Nilimupatia ndagala mukononi. Amekonda kidogo, lakini iko muzuri. Anasema umuombee.

Sasa niambie, Mama Félicité, nitamwitaje mtu mwizi wa ndagala bila kujiita mimi mwongo? Nilisema asante. Nikamuuliza kama kikohozi chake kimepona. Bertin akasema kimepona kabisa.

Haya yote ningeyavumilia, lakini wiki iliyopita nilirudi kutoka sokoni, ambako ndiko mashine yangu ilikokuwa namshukuru Mungu, nikakuta mlango umefungwa vilevile nilivyouacha, kitasa kizima, lakini ndani hakuna redio, hakuna blanketi, na nje hakuna suruali wala mabuti, na kabla sijapiga kelele Mama Georgette akaja mbio anapiga vigelegele:

— Leo utapika kuku! Bwana yako alikuya!

— Bwana yupi?

— Juvénal! Tulimuona anafungula na ufunguo yake. Akatoka na redio, akakamata suruali yake kwenye kamba, akavala mabuti. Tulimupungia mukono, na yeye akatupungia. Mwanaume ya heshima!

— Uso wake ulikuwaje?

— Alikuwa na kofia.

Nilikaa chini. Nilishindwa hata kulia, kwa sababu wangedhani nalia furaha. Jioni nikamwambia Mama Georgette kwamba Juvénal alipita tu, ameshaondoka. Mwenye nyumba, Mzee Alphonse, ameapa kwamba ufunguo wa chumba kile ni mmoja tu, mpaka mke wake akamkumbusha kwamba kila mpangaji aliyepita alichongesha wa kwake na hakuna aliyewahi kurudisha. Kwa hiyo kuna mtu Baraka hii ana ufunguo wangu na suruali yangu. Tangu siku hiyo nabeba mashine kutoka sokoni na kuiegemeza mlangoni nikilala, na mgongo unaniuma.

Nimeamua kuhama, na Dany amenipatia nyumba mbili, na lazima nichague kabla ya Jumapili. Ya kwanza, karibu na ziwa, ina geti la chuma, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake, madirisha ya nondo, na ndani ya ukuta huo nitakuwa mimi peke yangu, mwenye nyumba anakaa Uvira, ufunguo wa pili uko kwa mdogo wake, eti kama moto ukiwaka. Ya pili ni chumba ndani ya ua, wenyewe wanauita parcelle, wa mjane mmoja, Mama Anastasie, mlango wa mbao unaoachia mwanga, choo cha wote, kuku, wajukuu, shemeji, na tangu nilipoingia kukitazama hakuna aliyeniacha nimalize sentensi. Mama Anastasie hakuuliza habari za mume. Aliuliza: "Unapikaka na mafuta mingi?" Moyo wangu unataka geti, kwa sababu nimechoka na macho ya watu. Na je, huko niendako, niende na Juvénal au nimuue kabisa? Nikimuua najua kwaya italeta unga, watakaa matanga kwangu wiki nzima, na Bertin atasimulia jinsi alivyokata roho. Nisaidie.

Mimi mshonaji wa ng'ambo, Baraka.

*

Dada mshonaji,

Pole kwa redio na pole kwa blanketi. Kwa suruali sikupi pole. Imekwenda kuvaliwa, jambo ambalo kwako halikuwahi kuipata.

Sasa kaa vizuri nikugombeze kidogo. Ulifika mtaa ambao mgeni hawezi kukohoa bila mtu kuuliza ni nani. Mama Georgette anajua idadi ya vyungu vyako. Mwanaume asiyejulikana angegusa mlango wa mwanamke anayeishi peke yake, yule mama angetupa mtwangio, angepiga yowe, na kijana huyo angekimbia mpaka Kilembwe bila kugeuka. Badala yake alimpungia mkono. Kwa nini? Kwa sababu wewe ulimtengenezea njia. Ulimpa jina, ulimpa urefu, ulimpa sababu ya kuja bila taarifa, ukamwekea na viatu mlangoni. Mwizi hakuhitaji kufanya kitu ila kuvaa kofia. Miaka yote nikisoma barua za watu sijaona mwizi aliyeandaliwa vizuri namna hii.

Sikulaumu kwa kuogopa. Mwanamke aliye peke yake ugenini anayo haki ya kuogopa, na anayekwambia acha woga mwangalie vizuri, huenda ana ufunguo. Nakulaumu kwa kuwaficha watu waliokuwa tayari kukulinda, ukamwamini Dany, ambaye kazi yake huisha ukishaingia ndani.

Juvénal usimuue. Matanga ni kazi kubwa, na kuwalia unga watu wanaokupenda ni dhambi. Nenda kwa Mama Georgette leo, ukae kwenye kigoda chake, useme: "Mama, sina bwana. Sikuwahi kuwa naye. Niliogopa." Atacheka mpaka ashike mbavu, ataita wengine waje kucheka, utaona aibu siku chache. Halafu atakwenda kumtafuta Bertin habari za ndagala, na hapo wewe utakuwa umekwisha sahaulika. Na ufanye haraka. Majina ya barua yako nimeyabadilisha yote isipokuwa la Juvénal, kwa kuwa hayupo wa kulalamika, na jibu hili nakutumia mapema, lakini gazeti linatoka Ijumaa, na kiraka cha goti la kushoto Mama Georgette atakitambua kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

Kuhusu nyumba. Ukuta mrefu unakuficha wewe, sawa, lakini akishaingia mtu unamficha na yeye. Chupa juu ya ukuta zinamzuia paka. Yule mdogo wa mwenye nyumba mwenye ufunguo "kama moto ukiwaka", umemuona? Anakaa wapi? Ana tabia gani? Moto hauwaki kila mwezi, ufunguo uko mfukoni kila siku. Ungekuwa na ndugu wanne wa kukaa nao humo ningesema chukua geti, oga kwa raha zako. Uko peke yako. Usichukue.

Na hata kwa Mama Anastasie usiingie kama kuku anayeingia jikoni. Nenda asubuhi, nenda tena jioni, nenda siku mvua imenyesha, uone njia ya kwenda chooni, maana mwanamke huviziwa zaidi njiani kwenda choo kuliko kitandani. Tafuta mwanamke aliyekaa chumba hicho kabla yako, umuulize swali moja tu, kwa nini alitoka, kisha umtazame usoni asipojibu upesi. Usitoe hata senti mikononi mwa Dany; mpe mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya watu. Kisha peleka karatasi zako kwa nyumbakumi, akujue kwa sura na kwa jina, ajue uko peke yako, ajue unatoka sokoni saa ngapi. Na kitasa ni chako. Kinunue wewe, fundi akifunge mbele ya macho yako, kabla godoro halijaingia. Funguo zote zikae kwako. Mama Anastasie akinuna mwambie habari ya Mzee Alphonse, ataacha kununa.

Unasema umechoka na macho ya watu. Naelewa, mimi pia nina majirani. Lakini macho hayo ndiyo nondo za dirisha lako, na hayahitaji kupakwa rangi. Watakuuliza unapika nini, umerudi na nani, kwa nini taa imezimwa mapema. Jibu nusu, nusu nyingine cheka.

Ukiwa bado una mashaka, kuna jaribio moja ambalo huwapa wanawake wote wanaoniandikia. Simama katikati ya uwanja wa nyumba unayotaka kupanga, vuta pumzi, upige kelele moja: "Nyoka!" Halafu tazama nani anatoka, ametoka na nini mkononi, na kwa haraka gani. Usipige kelele "mwizi", utaumiza mtu asiye na kosa. Nyoka anatosha.

Kwa kuwa sipendi kumpa mtu dawa nisiyoionja, Jumatatu nilijifanya mpangaji, Dany akanizungusha. Kwenye nyumba ya geti nilipiga kelele mara mbili. Alijibu mbuzi, upande wa pili wa ukuta. Dany akanitazama akasema:

— Mama Félicité, uko muzima?

Nikamwambia twende kwa Anastasie. Nikasimama karibu na chumba kinachopangishwa, nikapiga kelele mara moja tu. Mama Anastasie alitoka na mwiko wa ugali, ugali ukiwa bado umeung'ang'ania. Shemeji alitoka na jembe. Wajukuu walitoka na mawe, hata yule anayetambaa alikuwa na jiwe. Mchungaji wa jirani aliruka ua akiwa amevaa taulo na sabuni kichwani, anauliza "Iko wapi? Iko wapi?" Jirani mwingine, ambaye nasikia hawasemezani na Anastasie tangu Pasaka, alikuja na panga, akakata majani yote kuzunguka chumba bila kumsalimia mtu. Nilisimama pale nikaona haya kidogo, nikajiambia hii ndiyo nyumba ya mwanamke aliye peke yake, nikafungua kinywa niwaombe radhi na kuwaambia kwamba lilikuwa jaribio tu.

Walimkuta nyoka kweli, nyuma ya mlango wa chumba.