Aliyekuwepo Darajani

Jumamosi, 3 Septemba 2011

Imewaka! Saa nne na dakika ishirini asubuhi, baada ya miaka kumi na moja ya kuibembeleza, D9377, injini yetu ya dizeli, imewaka. Kwanza ilikohoa kama mzee anayeamka, ikatetemeka, ikakohoa tena — kisha ngurumo ile nzito inayoingilia miguuni kabla ya masikioni. Moshi mweusi ukapaa, ukaelekea moja kwa moja kwenye shuka ambazo Mama Higginbottom alikuwa ameanika nyuma ya karakana. Alitutukana. Hatukumsikia vizuri, tulikuwa tunalia.

Wazee watano kwenye mvua, tunalilia kichwa cha treni. Mimi ndiye wa kwanza kutoa leso. Trevor Ogden, fundi wetu mkuu, hakulia. Alisema oili inavuja upande wa kushoto, akarudi chini yake.

Watu wa treni za mvuke walikuja na vikombe vyao vya chai kutazama. Reli hii ya kumbukumbu ni yao, au ndivyo wanavyojiona. Vichwa vyao vitatu vya makaa ya mawe vinang'arishwa kila siku, watoto wanavipenda, na sisi wa dizeli tumepewa kona karibu na choo. Cuthbert, mkubwa wao, aliuliza kama tunachoma matairi. Nikacheka kana kwamba nimefurahi.

Nyumbani mke wangu Beryl alininusa mlangoni, akaniamuru nivue kila kitu palepale barazani. Nina miaka sitini na miwili. Nimesimama na soksi tu, jirani anapita na mbwa wake. Nikampungia mkono.

Jumapili, 4 Septemba

Kamati imekaa. Jumamosi ya tarehe 17 D9377 itavuta abiria kwa mara ya kwanza tangu iachwe kuoza. Nani atoe hotuba? Vidole vyote vikanielekea. "Clive! Clive ndiye aliyekuwepo!"

Niandike hapa, maana Beryl hawezi kusoma mwandiko wangu. Sikuwepo.

Juni 1962 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila mvulana wa hapa Harthwaite alikuwa na kitabu chenye namba za vichwa vyote vya treni. Ukikiona kichwa kwa macho yako, unapiga mstari chini ya namba yake. Ukipiga mstari bila kuona, huna rafiki tena. Mwizi wa baiskeli tulimsalimia. Mpiga mstari wa uongo, thubutu! Na siku ambayo mvuke uliondolewa hapa, D9377 ikaja kuvuta treni ya kwanza ya dizeli, mimi nilikuwa kwa daktari wa meno. Nikarudi shavu limevimba, nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Kama ningeishia hapo! Miaka kumi na miwili iliyopita, kichwa hicho kilipokaribia kukatwa kuwa vyuma chakavu, nikaandika makala kwenye jarida la chama chetu cha wapenzi wa reli. Eti siku ile nimesimama darajani, juu ya reli. Ngurumo inanipita kifuani. Navua kofia. Kofia! Sikuwahi kuwa na kofia. Watu wakasoma, wakajiunga, kichwa kikaokolewa, na mimi nikawa "yule aliyekuwepo". Jina tamu. Nililivaa kama koti jipya.

Na la kuchekesha zaidi: wakati ule dizeli tulizichukia, sote. Tuliziita masanduku. Zilituulia mvuke wetu. Sasa sanduku limezeeka, nami nimezeeka, nalililia. Mjukuu wangu atakuja kulilia nini — mashine ya kufulia?

Jumatano, 7 Septemba

Bahasha. Imetoka kwa mama mmoja wa ng'ambo ya bonde, Glenys Thwaite. Ametusikia redioni. Baba yake, mzee Arnold, alikuwa dereva wa treni hapa, na marehemu mama yake alipiga picha siku ile ya kwanza ya dizeli. Anadhani mimi, nikiwa mtunza historia wa chama, nitaipenda.

Naipenda kama nilivyompenda yule daktari wa meno.

Stesheni yetu, mvua, mabehewa. Mbele kabisa — kichwa cha mvuke! Kinafuka kwa madaha. Nyuma yake D9377, imezima, inakokotwa kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Nyuma ya picha, kwa penseli: "Dizeli imegoma. Arnold kaja kuiokoa."

Hakukuwa na ngurumo yoyote. Miaka kumi na miwili nimewasimulia watu mlio wa injini iliyokuwa imekufa. Mara nyingine niliuigiza, kwa mdomo, mbele za watu.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimeificha picha ndani ya kamusi. Akili nyingi! Beryl hufanya fumbo la maneno kila asubuhi. Ameikuta kabla chai yangu haijapoa.

Ilibidi nimweleze yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka ghafla.

"Wengine watacheka wasahau," akasema. "Lakini Trevor umwambie wewe mwenyewe. Yule mtu ameacha magoti yake chini ya hiyo mashine."

Nikasema nitamwambia. Akauliza lini. Nikasema mbwa anataka kutoka. Hatuna mbwa.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimekwenda kumwambia. Nilikuta buti mbili zimechomoza chini ya injini. Nikakohoa. Trevor, kuhusu ile siku ya kwanza...

"Nipe spana."

Nikampa.

"Siyo hiyo, bwana. Kubwa."

Nikampa kubwa. Nikakohoa tena. Akatoka, akasema kama nina mafua nisimsogelee. Tukakaa juu ya ndoo, tukala pai za nyama ya nguruwe. Trevor si mtu wa maneno. Ni mzaliwa wa bonde hilihili, lakini utoto wake hausimulii, nami sijawahi kumuuliza; kwa kawaida mimi ndiye ninayesimulia. Leo akafungua mdomo mwenyewe. Kumbe makala yangu alisomewa na mkewe, Pauline, kule hospitali, wiki zake za mwisho. Pauline akamwambia: kamtafute mtu huyu, usije ukabaki nyumbani unaangalia ukuta. Baada ya mazishi akaja kwetu.

"Bila maneno yako yale, Clive, sijui ningekuwa wapi."

Kisha akakung'uta makombo, akarudi chini.

Nani angemwambia hapo? Nilimaliza pai yangu. Nilijichukia sana, na pai ilikuwa nzuri sana.

Jumanne, 13 Septemba

Hotuba, toleo la nne. "Nilipokuwa darajani" — nimefuta. "Inakumbukwa kwamba" — nimefuta. "Wapo waliobahatika" — mwanasiasa mtupu! Nimefuta.

Glenys amepiga simu. Atakuja Jumamosi na baba yake. Mzee Arnold yu hai! Ana miaka tisini na mmoja, akili timamu, anataka kupanda kwenye kibanda cha dereva. Trevor ameshakubali. Nikasema vizuri sana, kwa sauti ya bata.

Ijumaa, 16 Septemba

Nimeamua. Kesho nitasema kweli kwenye kipaza sauti. Cuthbert atanicheka mpaka Krismasi, na acheke. Lakini Trevor kwanza, faragha, saa tatu asubuhi. Naogopa. Simwogopi Cuthbert wala chama, namwogopa mtu mmoja atakayeweka spana chini, aende nyumbani kuangalia ukuta.

Jumamosi, 17 Septemba

Saa nne kasoro dakika tano. Naandika ndani ya kibanda cha dereva cha D9377. Injini inanguruma, kalamu inacheza. Nimejifanya napitia hotuba. Nje watu wamejaa jukwaani na miavuli.

Saa tatu Trevor alikuwa anagombana na betri. Sikumwambia. Saa tatu na nusu pia sikumwambia. Kisha Glenys akamleta baba yake, tukampandisha pole pole, tukamkalisha kwenye kiti cha dereva. Glenys akashuka kupiga picha. Tumebaki watatu.

Mzee akapigapiga kioo kwa kiganja, akacheka. "Kumbe bado lipo hili sanduku! Siku ya kwanza nililikokota mimi, wanangu. Kwa kichwa cha mvuke. Limezima kama jiwe."

Nikafumba macho. Nikangoja Trevor aseme kitu. Nilipofumbua alikuwa anafuta kioo, taratibu, kama mtu aliyeambiwa leo kuna mvua.

Mzee akaendelea. Darajani siku ile kulikuwa na mtoto mmoja. Mmoja tu, kwa mvua ile. Koti la manjano. Analia kwa uchungu. "Akanipigia kelele nilipopita chini yake, lakini nilikuwa napiga filimbi, sikumsikia. Miaka arobaini na tisa najiuliza alisema nini."

Nikatazama viatu vyangu.

"Alisema, 'Usituache, mzee!'"

Ni Trevor. Hakugeuka. Kitambaa kimesimama kwenye kioo.

Mzee akamkazia macho. "Ulikuwa wewe?"

"Hapana, mzee. Ni huyu Clive. Amenisimulia mara nyingi."

Sijawahi kumsimulia hivyo. Sijui habari za koti. Kwenye makala yangu hakuna mtu aliyelia.

Basi yule mtoto alikuwa Trevor, na alijua kwamba mimi sikuwepo. Pauline alipokuwa anamsomea ngurumo yangu na kofia yangu, alijua. Alikuja akijua. Miaka kumi na moja chini ya injini, ananisikia juu nikiwasimulia wageni, na yeye anaomba spana.

Mzee amenishika mkono wa kushoto, hauachii. Ananiita mwanangu. Machozi yanamtoka. Trevor masikio yamekuwa mekundu. Nimemwita kwa jina, hageuki, anasema injini iko tayari.

Kipaza sauti kinaita jina langu. Watu wanapiga makofi. Namwona Cuthbert pale mbele na kikombe chake. Trevor amenifungulia mlango, anasema nenda, watu wanaloa. Mzee bado ameshika mkono, anataka kujua nilikuwa namlilia yeye au mvuke, nami namtazama Trevor, na Trevor anatazama reli, na mlango uko wazi —