Jina Ambalo Sikukuita

Mwanangu Nening,

Salamu nyingi kutoka hapa kwetu Ilokos, Ufilipino. Hujambo? Na huyo mzee unayemwogesha, bado anakutupia kijiko? Sisi wazima, ila goti langu. Mimi nasema, Lumen wa jirani anaandika. Simu sitaki, simu husikika mpaka kwa muuza samaki.

Wanao wanasoma. Tangu wasikie mzee amekuandikia barua ya kazi, na serikali ya Kanada itakupa ukaazi wa kudumu uje uwachukue, mdogo analala na koti. Na joto hili. Nikimvua, analia.

Basi ile karatasi ya kuzaliwa uliyotaka itumwe huko, nilikwenda ofisi ya mji. Nikampelekea karani Temyong jogoo, yule mwekundu aliyemdonoa paroko, nikampa na kikaratasi chako chenye jina. Akafungua vitabu, akasema Nana Femia, jina hili lina karatasi mbili, nitume zote? Nikamwambia zote, usibanie, bahasha nene ndiyo huheshimiwa. Si unajua sisomi. Akapiga mihuri bila kuzisoma, akazituma Alhamisi.

Jumapili akanikuta nje ya kanisa. Hata hakunisalimu. Akaniuliza polepole, Nana, mbona maiti wako ameajiriwa Kanada?

Mwanangu, kaa kitako kwanza. Huyo Perlita wa kwenye karatasi zako alikuwa dada yako. Homa ilimchukua ana miezi minane. Mwaka wa pili ukazaliwa wewe, mto umefurika, baba yako akasema karatasi ya msichana si ipo, ya nini kuvuka maji kutafuta nyingine. Ndiyo maana shuleni walikuona mfupi kwa miaka yako. Ndiyo maana nyumbani ulikuwa Nening tu, kwa sababu jina la maiti likiitwa, mwenyewe husikia. Sikujua kifo nacho kina karatasi. Kumbe paroko alikiandikisha.

Temyong anasema bahasha hairudi. Mwambie mzee wewe mwenyewe kabla watu wa serikali hawajamwuliza. Watoto sijawaambia neno.

Nisalimie huko, ule, uvae soksi. Juu ya bahasha Lumen ataandika Perlita, maana posta ya kwenu haimjui Nening. Leo nimelitamka kwa kinywa changu, mara ya kwanza tangu tumzike. Ukiitwa hivyo huko, tazama kwanza ni nani anayeita.

Mama yako,
Eufemia (hapa nimeweka dole gumba)